Mwangwi wa Duka Tupu

Kompyuta yangu ina orodha ya vyumba vya kubuni: kanisa, ukumbi, hata pango. Nikimaliza kupanga wimbo wa fidla mbili na selo, nachagua chumba kimoja ili muziki upate mwangwi. Vingi vinanikera. Hilo kanisa la kompyuta linavuma kama pipa!

Masikio yangu yalidekezwa na duka la ushirika kule Usangi. Miaka ya shida rafu zilikuwa tupu, na muuzaji alikuwa besi wetu, kwa hiyo waimbaji wanne tulifanyia mazoezi humo. Sauti ilirudi laini, kwa kiasi. Biashara huria iliporuhusiwa tukapata redio kaseti ya kurekodia, lakini duka nalo likajaa magodoro, sauti ikafa. Tukayatoa yote nje, tukafunga mlango, tukaimba.

Watu kuona magodoro uwanjani, wakapanga foleni, kama walivyozoea.

Kanda ile ninayo bado. Kwenye ubeti wa pili mlango unagongwa, na mama mmoja anauliza, “Jamani, leo mgao ni magodoro mangapi kwa kaya?”

Besi wetu anamjibu kwa sauti ileile ya wimbo, bila kukosea mapigo: “Moja tu, mama.”