Hita ya Gari la Kliniki

Juzi mpwa wangu aliniita kwake Malili nikaone gari alilogeuza nyumba ya kuzurura nayo nchini. Alikuwa na hita mbili za gesi na hakujua afunge ipi. "Anti, si wewe ndiye ulisoma?" akaniuliza. Nilisoma historia, kwa hivyo nilimpa nilichokuwa nacho: hadithi ya hita nyingine.

Utotoni mwangu mama alikuwa nesi wa gari la kliniki, lile lililopanda vilima vya Kilungu kupima watoto uzito. Julai ya kule unaijua, rafiki yangu. Ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyeaga, na chai inashika utando kabla hujaifikisha mdomoni. Lakini mtoto hapimwi na blanketi, lazima avuliwe nguo, na kina mama wakakataa. Siku moja ya kliniki walikuja wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia. Kilichomnyima mama usingizi ni mtoto wa jirani yetu. Alikuwa anakonda, na bila kumpima mama hangejua anakonda kiasi gani.

Nyumbani pakawa bunge. Nyanya alitaka jiko la makaa. Mama akasema makaa ndani ya gari lililofungwa huua watu kimyakimya. Dereva wa lile gari akaleta stovu ya mafuta taa. Tuliijaribu, tukatoka tukilia kama waliofiwa. Ikabaki gesi, ambayo nyanya hakuiamini hata kidogo. Moto usio na kuni, alisema, ni moto wa nani?

Dereva alifunga hita kwa bolti, akauweka mtungi nje kwenye sanduku la chuma, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya paipu aone kama panavuja. Kisha akaanza kutoboa sakafu.

"Dereva, unatoboa gari ndiyo joto litoke?" nyanya akauliza.

"Ndiyo wewe usitoke umebebwa, susu," akajibu, akimwita nyanya kwa Kikamba. "Gesi ikivuja ishukie hapa, na hewa iingie."

"Hiyo kazi ungenipa mimi na shoka langu."

Siku ya kliniki kina mama walisimama mbali, jirani akiwa na mtoto wake kifuani. "Sista, na ikilipuka?" akamuuliza mama. Mama akaeleza, akaeleza tena. Hakuna aliyesogea. Ndipo nyanya, ambaye nadhani alikuja aone maneno yake yakitimia, akaweka kikapu chini, akapanda garini na kujifungia.

Tukangoja mpaka jirani mwenyewe akaenda kugonga.

"Susu, uko hai?"

Mlango ukafunguka kidogo. Nyanya alikuwa amevua sweta, kitambaa cha kichwa na viatu.

"Funga, unaingiza baridi," akasema. "Au lete huyo mtoto. Mimi sitoki."

Mtoto alivuliwa nguo mapajani mwa nyanya, wala hakulia. Akapimwa, na kweli alikuwa amepungua. Mama akampa jirani unga wa lishe na kumwambia arudi, naye akarudi, na wengine nyuma yake.

Gari lile liliishia kuwa chuma kikuukuu, nyanya ametuacha, na pale liliposimama pana zahanati ya mawe. Yule mtoto siku hizi ana tumbo la kiheshima. Julai iliyopita nilimkuta kwenye foleni mle ndani na binti yake, ameshamvua nguo kabla ya zamu yao, akibishana na mwenzake nani ana mtoto mzito zaidi.