Gari la Milango Minne

Nililichukia gari lile tangu siku lilipoletwa uani kwetu Doornfontein juu ya lori la kuvuta magari mabovu. Mume wangu ni fundi bodi. Kazi yake ni kunyoosha magari ya watu yaliyogongwa, na tangu tutoke Tanga tukaja kuishi Johannesburg hatujalala njaa, maana mji huu watu wanagongana kila siku. Kwa hiyo gari bovu si kitu cha kunishtua. Kilichonishtua ni kwamba hili hakuna mteja aliyelileta. Mume wangu alikuwa amelinunua mwenyewe.

Lilikuwa gari la Kimarekani la miaka ya hamsini, milango minne, refu kupita chumba chetu cha kulala, pua yake ya nikeli imeliwa na kutu, na nyuma lina mabawa mawili madogo ambayo sijui lilitaka kurukia wapi. Usukani ulikuwa kulia, kwa sababu enzi hizo magari hayo yaliunganishwa hapahapa Afrika Kusini. Gia haikuwa sakafuni, ilitokeza kwenye shina la usukani. Na kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu kama kochi la sebuleni, watu watatu wanakaa bila kubanana. Nikamuuliza mume wangu dude hili ni la nini. Akanijibu, bila hata kunitazama, kwamba ni la harusi ya binti yetu.

Binti yetu wakati huo alikuwa anang'oka meno ya utoto.

Sikuridhika. Kila mwezi kulikuwa na kitu: mara kioo cha mbele kimepatikana kwa mtu huko Pretoria, mara mpira wa mlango, mara kitasa. Nami nilikuwa natoka alfajiri kwenda kuuza vitambaa Marshalltown, napigwa na baridi ya Julai pembezoni mwa barabara, kisha narudi nyumbani nakuta kitasa kimefungwa kwenye flana kama mtoto mchanga. Nilisema maneno mengi miaka ile. Yote yalimpita kama upepo.

Siku moja akatuchukua, mimi na binti, twende tukaone wenzake. Mjini hapa kuna watu wanaopenda magari ya zamani jinsi wengine wanavyopenda mpira. Jumapili moja moja hukutana kwenye uwanja wa shule upande wa mashariki, wanayapanga magari kwenye majani, wanakunjua viti vyao, wanamimina chai kutoka kwenye chupa na kutazama boneti za wenzao. Wengi ni wazungu waliokwisha kustaafu. Sisi tulifika na gari ambalo bado lilikuwa na rangi tatu, moja ya kiwandani, moja ya kutu, moja ya puti ya kuzibia mashimo. Nikajiinamia kwa aibu ndani ya ushungi wangu.

Haikunichukua muda kugundua kwamba hata kule kuna vyeo. Magari ya milango miwili, hasa yale yasiyo na paa, yalizungukwa na watu kama maiti ya tajiri. Yale ya milango minne watu waliyatupia jicho wakapita. Gari la milango minne, nilielezwa, ni gari la baba, mama na watoto. Lilipochakaa lilitupwa, na hakuna aliyeliota usiku. Nikafurahi kidogo, nakiri. Nikasema moyoni, leo ataona mwenyewe na atalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma.

Ndipo akaja mzee mmoja mrefu, kaptula na soksi ndefu, akafungua mlango wa nyuma bila kuomba ruhusa, akaingia, akakaa. Aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti cha mbele, akabaki hivyo mpaka mume wangu akanitazama kama anayeuliza tufanye nini. Mwishowe mzee akaanza kuzungumza, nami nikawa natafsiri, kwa sababu Kiingereza cha mume wangu kinaishia kwenye majina ya spea. Alisema baba yake alikuwa na gari kama hili hili. Walizaliwa wengi, wakijazana humo ndani kwenda pwani, wanagombana njia nzima, na sasa wote wamebaki wawili, yeye na dada yake aliyehamia Australia. Alisema wenzake wanaotafuta yale ya milango miwili wanatafuta ujana ambao hawakuupata. Yeye anatafuta nafasi yake kwenye kiti cha nyuma. Kisha akauliza kama linauzwa.

Mume wangu akacheka, akasema haliuzwi, lina mwenyewe, akamwonyesha binti yetu aliyekuwa anakula aisikrimu juu ya bampa. Tangu siku ile wakawa marafiki, na mzee ndiye aliyemfundisha wapi pa kupata vioo na nikeli. Kila alipokuja aliuliza tena kama linauzwa, nusu utani, nusu kweli.

Ni usiku wa Jumapili ile ya uwanjani mume wangu aliponieleza, mara moja tu, wala hakurudia. Dada yake mkubwa, kule Tanga, alichukuliwa kupelekwa kwa mumewe katika gari la aina ile, lililoazimwa kwa mfanyabiashara mmoja. Mashangazi walijaa nyuma pamoja na bibi harusi. Baba yao alibaki mlangoni, ameshika mwimo, hakuondoka pale mpaka vumbi likatua. Mume wangu alikuwa mdogo, amesimama karibu na goti la baba yake. Kwetu ndivyo ilivyo: baba anamwoza binti yake msikitini, lakini hampeleki kwa mume. Mama naye hubaki. Anayempeleka bibi harusi ni somo yake, yaani kungwi aliyemfunda, na mashangazi. Nikafahamu kwamba miaka yote ile, mume wangu alipokuwa analipiga gari msasa, alikuwa anajiona yuko mlangoni, anaangalia linavyoondoka.

Hilo nililijua mimi. Binti yetu hakulijua.

Binti yetu alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata umbea, lakini anajibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu mtindo mmoja. Yeye na baba yake walikuwa wanaelewana kwa vitu zaidi ya maneno. Kila Jumamosi alikuwa uani naye, shika hapa, nipe msasa, lete kitambaa, na mwisho wa kazi baba yake hupiga boneti kiganja na kumwambia, "Gari la harusi yako hili." Naye hucheka. Lakini harusi alizoziona binti yangu ni za rafiki zake wa shule, na huko baba ndiye anayemleta bibi harusi. Anashuka naye garini, anampa mkono, wanaingia pamoja watu wakipiga vigelegele. Kwa hiyo yeye alipokuwa anasugua mlango ule alikuwa anamwona baba yake kwenye usukani, na yeye pembeni. Wote wawili walilipenda gari lile lile, kila mmoja na harusi yake kichwani. Mimi ninayewapelekea maneno yao toka asubuhi hadi jioni, hayo sikupewa niyapeleke, kwa sababu hakuna aliyeyasema.

Akaja kijana wa Soweto, mpole, mwenye adabu, akasilimu. Mume wangu alinuna majuma kadhaa kisha akakubali. Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini, na mume wangu akamwoza bintiye kwa mdomo wake mwenyewe, ndivyo nilivyosimuliwa. Alasiri wakwe walikuwa wanamsubiri bibi harusi Soweto, wamefunga hema barabarani.

Uani kwetu gari lilikuwa linang'aa, rangi ya maziwa chini na kijani cha majani ya chai juu. Mzee alikuja na suti na tai. Mume wangu ndiye aliyemwomba aendeshe, maana katika watu wetu wote hakuna mwingine aliyeiweza gia ile ya usukani. Somo ya binti yangu, mama mmoja wa Unguja anayekaa Joubert Park, alikuwa ameshakaa nyuma na mashangazi wawili, udi umejaa humo ndani. Binti yangu akatoka na shela lake. Mzee akamfungulia mlango wa nyuma na kuinama.

Binti akauliza baba yuko wapi. Nikamwambia yupo, yuko mlangoni, mimi na baba yako tunabaki. Alidhani nafanya mzaha. Alipoona sicheki, aliupita ule mlango wa nyuma, akafungua wa mbele, akajisogeza mpaka katikati ya kile kiti kirefu, akafunga mikono. Akasema kwa Kiingereza kwamba halitoki gari hapa mpaka baba aendeshe.

Simu za wakwe zikaanza. Somo akanong'ona kwamba huu ni mkosi. Nikaenda mlangoni kwa mume wangu, ambaye kweli alikuwa ameshika mwimo, nikamwambia. Uso wake ukabadilika. Akaja mpaka dirishani, akasema na binti yake moja kwa moja, taratibu.

"Mwanangu, nikikupeleka kwa mkono wangu ni kama nimekuchoka. Kwetu mtoto huchukuliwa. Baba yake hamtoi nje."

Binti alielewa kila neno. Akajibu kwa Kiingereza, haraka haraka, machozi yanaharibu wanja, kisha akanigeukia mimi, akasema nimwambie. Sikutaka. Akasema tena nimwambie.

"Anasema hapa kwao," nikamwambia mume wangu, "asiyeletwa na baba yake ndiye aliyechokwa."

Sijawahi kuyaonea uchungu maneno niliyotafsiri kama niliyoyaonea hayo. Wote wawili walikuwa wanasema kitu kimoja, kila mmoja amesimama upande wake wa mlango wa gari. Mzee hakujua tunasema nini, lakini alinyoosha mkono akampa mume wangu funguo.

Mume wangu akaingia. Alikuwa na kanzu na kofia yake, akakusanya kanzu magotini ili asiikanyage kwenye klachi. Mzee akakaa upande wa pili, binti katikati. Nami nikaona kama desturi imeshavunjika basi ivunjike vizuri, nikajibana nyuma na mashangazi. Tukapita Marshalltown, madereva wa taksi wanapiga honi, watu wanatupiga picha kwenye kila roboti, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku. Kwa nje tulikuwa harusi kamili. Niliwatazama wale wawili kwa nyuma, mabega yanagusana kila gari linapokata kona, na kila mara binti yangu anajirudisha wima.

Tulipokaribia mtaa wa wakwe tukasikia nyimbo. Mume wangu akasimamisha gari kwenye kona, karibu na spaza, kiduka cha mtaani, akashuka. Akamwambia mzee kwa ishara kwamba achukue usukani. Kisha akanambia mimi, "Mwambie hapa ndipo mwisho wangu. Zaidi ya hapa siwezi."

Nikamwambia, ingawa alishasikia. Binti yangu alikuwa anatazama mbele.

"Mwambie nyumba ni ile pale," akasema kwa Kiswahili, cha kwanza siku hiyo nzima. "Ile ya hema. Ni hapo tu."

Mume wangu akatikisa kichwa. Alikuwa ameendesha mji mzima kinyume na kila alichofundishwa, na nguvu zake zilikuwa zimeishia pale. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikashuka kwa sababu sikuweza kumwacha peke yake barabarani na kanzu, mtaa asioujua.

Gari likaondoka polepole. Mume wangu alikuwa ameshageukia ukuta wa spaza, kiganja kwenye matofali, hawezi kutazama. Mimi ndiye niliyetazama. Nililiona shela jeupe kwenye kioo cha nyuma, limenyooka katikati ya kiti, na nafasi wazi upande wa mlango aliohama mzee. Likakata, likaingia kwenye watu, vigelegele vikaanza.

"Amegeuka?" akaniuliza.

"Hajageuka."

Akavuta pumzi, akafuta uso kwa mkono wa kanzu. "Vizuri," akasema. "Bibi harusi hageuki nyuma. Amefanya inavyotakiwa."

Nikamshika mkono tukaanza kutafuta taksi ya kurudi mjini. Alirudia njiani kwamba amefanya vizuri, amelelewa vizuri. Nikaipungia mkono taksi iliyokuwa inakuja. Desturi hiyo ya kutogeuka binti yetu hakuijua. Hatukuwahi kumfundisha.