Suti Kumi na Moja za Baada ya Kura

Mdogo wangu alikuwa ametekwa kwa miezi mitano. Siku niliyojua kwamba bado yuko hai, niliijua kwa kusoma kiuno chake kwenye karatasi.

Si barua. Si simu. Kiuno.

Mnisome taratibu, maana hata mimi nikisimulia haya naona kama ni ya mtu mwingine.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu lina meza moja ya kukatia, cherehani mbili, na pasi inayopiga shoti ukiishika vibaya. Kazi nilirithi kwa mama. Alitufundisha wote wawili, mimi na mdogo wangu, kabla huyo mdogo hajatukimbia akasema cherehani inamkunja mgongo. Akaenda kwenye mitambo ya kuchimba visima.

Huko ndiko walikotekwa. Watu kumi na moja wa mradi wa maji, karibu na mpaka. Wahandisi, mafundi, mpishi na dereva wao. Wenye bunduki walitokea asubuhi wakati wa chai, wakaondoka nao.

Na kwa bahati mbaya, ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Siasa mnazijua. Mgombea wa upinzani hakuwa na hotuba isiyo na watu wetu ndani yake. "Serikali gani hii inashindwa kuwarudisha watu kumi na moja makwao?" Umati unalipuka. Serikali nayo kila wiki inasema mazungumzo yanaendelea vizuri, vuteni subira.

Sisi ndugu tulikuwa tunakaa kila Jumatatu mbele ya wizara, picha vifuani. Mimi, wifi yangu, na upande wangu wa kulia siku zote mke wa dereva. Mama mkimya. Alikuwa anakuja na chupa ya chai na vikombe viwili, kimoja changu.

Siku moja serikali ikatangaza kwamba makubaliano yamefikiwa. Wiki mbili tu, watu wako nyumbani. Wifi akafua mashuka yote ya nyumba.

Wiki mbili zikaisha. Watekaji wakaghairi ghafla, na hakuna aliyetuambia kwa nini.

Wiki hiyohiyo akaingia dukani kwangu mtu mmoja aliyevaa miwani myeusi hata kivulini. Jina hakunipa, nikambatiza Miwani.

"Fundi, nina suti kumi na moja. Za kijivu. Ni kwaya ya wanaume."

"Waje niwapime."

"Wako mbali. Vipimo hivi hapa."

"Baba, mimi nashona watu, sishoni karatasi."

"Nimeambiwa wewe ndiye pekee unayeweza kushona bila kumwona mtu."

"Umeambiwa na nani?"

Akakohoa. "Na mwanakwaya mmoja."

"Unazitaka lini?"

"Siku moja baada ya kura. Siyo kabla. Hata ukimaliza mapema, zikae hapahapa."

Nikamtania. "Kwaya gani hiyo isiyotaka kuimba kwenye kampeni?"

Hakucheka. Akaweka kitambaa mezani, akaondoka.

Niliifungua ile karatasi jioni. Majina hakuna. Ni namba tu, moja hadi kumi na moja, na vipimo.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu cha ufundi kidogo. Mama alikuwa na kawaida yake. Akipima kifua, anapitisha kidole kimoja chini ya tepu ili mtu apate pa kupumulia, halafu anaweka nukta mbele ya namba, kuonyesha kwamba kidole kimeshahesabiwa. Nukta hiyo sijawahi kuiona kwa fundi mwingine yeyote. Mama alishafariki. Tulibaki wawili tunaoiweka.

Vifua kumi kwenye ile karatasi vilikuwa na nukta.

Cha kumi na moja hakikuwa nayo. Na vipimo vya huyo wa kumi na moja vilikuwa ovyo kabisa. Mkono umepimwa bila kukunja kiwiko, bega limeanzia karibu na shingo. Kapimwa na mtu asiyejua kushika tepu.

Nikaelewa. Fundi anaweza kumpima kila mtu, ila yeye mwenyewe anahitaji mkono wa mwenzake.

Kiuno cha namba kumi na moja kilikuwa inchi ishirini na nane. Mimi suruali za mdogo wangu nilikuwa namshonea kwa thelathini na nne.

Nilikaa chini. Sikulia. Pasi ilikuwa inaunguza kitambaa cha mteja, nikauona moshi, nikauangalia tu.

Siku ya tatu Miwani akarudi kuangalia kazi imefika wapi. Nikamwambia, "Namba kumi na moja ni mdogo wangu."

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, ya mtu aliyekosa usingizi.

"Mdogo wako?"

"Tumbo moja."

"Huyu jamaa hakusema." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Alisema kuna fundi mzuri, basi."

"Kwa hiyo nyie wa upinzani mnaongea na watekaji."

"Mimi sijasema hivyo."

"Ndiyo maana waligoma kuwaachia. Wakirudi sasa, serikali inapata kura. Wakirudi baada ya kura, wanashuka kwenye ndege na suti zangu, bosi wako amesimama pembeni anapunga mkono."

Hakukataa.

"Dada, nikwambie ukweli kama mtu mzima kwa mtu mzima. Ukinyamaza, siku moja baada ya kura wako nyumbani, wote. Ukisema, wale watu wa porini watashtuka, na mimi sijui watafanya nini. Huyo mdogo wako ndiye aliyeshika tepu, ndiye wataanza naye. Chagua."

Nikachagua. Haikunichukua hata dakika.

Sikumwambia hata wifi. Alikuwa analala na shati la mume wake, na mimi nilikuwa najua mume wake ana kiuno cha inchi ngapi. Nikamwambia avute subira. Neno hilohilo la serikali.

Nikashona.

Mtu akikwambia huwezi kushona miili ya watu usiowaona huku umekufa ganzi, mwambie inawezekana. Mkono unakwenda wenyewe. Namba mbili alikuwa mrefu. Namba tano alikuwa na kibiongo kidogo, nikampa pamba begani upande mmoja. Mama alitufunza hivyo, mteja akija na kasoro fundi anaificha, ndiyo heshima ya kazi.

Namba saba alinisumbua. Upana wa chini wa suruali kwa kawaida unaandikwa mara moja tu, maana miguu ni pacha. Yeye aliandikiwa mara mbili. Kulia kumi na sita, kushoto ishirini na moja.

Nikasema, mdogo wangu kachoka, mkono umeteleza. Nikaandika kumi na sita juu yake kwa chaki. Nikakata miguu yote sawa.

Jumatatu zikaendelea. Nilikuwa nakaa mbele ya wizara na picha kifuani, nakunywa chai ya mke wa dereva. Zilikuwa Jumatatu sita. Yeye akianza kutetemeka namshika mkono, naye ananiambia, "Asante, dada yangu. Bila wewe ningeshachanganyikiwa."

Kura zikapigwa. Upinzani ukashinda, tena kwa kishindo. Mtaani watu walipiga masufuria mpaka asubuhi. Mimi nilikuwa napiga pasi makoti.

Siku ya pili Miwani akaja na gari. Suti zilikuwa zimepangwa kwenye henga, zina namba kifuani.

"Nipe kumi," akasema.

"Ni kumi na moja."

"Nipe kumi, dada. Moja bakia nayo."

Nikashika meza. Nikauliza swali moja tu.

"Namba ngapi?"

"Saba."

Mimi nilisema, "Asante Mungu."

Nilisema kwa sauti, mbele yake. Aibu yangu imekaa hapo na haijatoka mpaka leo.

Tuliwaona kwenye televisheni wakishuka ngazi za ndege. Watu kumi, suti za kijivu. Nchi nzima ililia. Kiongozi mpya akamkumbatia mmoja mmoja. Ya mdogo wangu ilimkaa vibaya begani, lakini ilimkaa. Wifi alikuwa anapiga vigelegele mpaka sauti ikakata. Mke wa dereva yeye aliambiwa kando, na mtu wa wizara, kwamba mumewe aliugua, akafariki.

Mdogo wangu alirudi hataki kula, haongei. Ikapita wiki, ikapita ya pili. Siku moja mchana alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniangalia ninavyotia uzi kwenye sindano.

"Dada, karatasi yangu uliipata?"

"Niliipata. Nilijua ni wewe siku ileile."

"Nilijua utajua. Sasa mbona hamkufanya kitu?"

"Nifanye nini? Niliambiwa nikisema wanakuua."

"Nani alikwambia? Yule mtu wao? Dada, nani mwingine angekwambia hivyo isipokuwa wao?"

Nikaendelea kutafuta tundu la sindano.

"Wangetuua, halafu nani awalipe fadhila?" akasema. "Tulikuwa na thamani tukiwa wazima. Habari ingetoka tu, biashara yao na upinzani ingekwisha, wangetuachia kwa serikali ileile wiki ileile. Kule ndani hata wao walikuwa wanalisema."

Halafu akaniuliza taratibu, "Suruali ya namba saba uliishonaje?"

Sindano ikanidondoka.

"Kumi na sita," nikasema. "Sawa kwa sawa. Nilidhani umekosea."

"Mimi nikosee mguu?" Hakupandisha sauti. "Dereva alichomwa na chuma siku tuliyokamatwa. Mguu ulivimba, ukaanza kuoza. Maneno walikuwa wanayakagua. Namba hawakuzielewa. Nikasema dada akiona mguu mmoja kumi na sita na mwingine ishirini na moja, atapiga kelele dunia nzima isikie kwamba huku kuna mtu anakufa. Alikufa siku tisa kabla ya kura. Alikuwa anaongea vizuri tu mpaka siku mbili za mwisho."

Akainuka, akaniokotea sindano, akaniwekea mezani. Akaenda kwake.

Mwaka ukapita. Magazeti yakaanza kuandika kwamba kulikuwa na mpango wa siri, kwamba mateka walicheleweshwa makusudi ili kura zigeuke. Wenye nchi wakakana. Ikaundwa kamati. Nikamwomba mdogo wangu twende wote.

"Mimi siendi, Dada. Nilishavaa suti yao mbele ya kamera."

Nikaenda peke yangu, na karatasi yangu kwenye bahasha.

Mwenyekiti aliigeuza mbele na nyuma. "Fundi, hapa kuna jina la chama?"

"Hakuna."

"Kuna jina la mtu?"

"Hakuna. Kuna viuno."

Ukumbi ukacheka. Sikuwalaumu. Nikawaeleza nukta, nikawaeleza bega, nikawaeleza ule mguu. Nikawaambia na yule mtu wa miwani, na siku aliyoniambia nimpe kumi. Nilisema yote, hata ile "Asante Mungu." Mwenyekiti akanishukuru kwa muda wangu. Mwezi uliofuata walitoa taarifa ndefu. Ushahidi hakuna.

Lakini yaliyonipata siku ile yalinipata kabla hata sijatoka kwenye jengo.

Nilikuwa sijafika ngazi. Nikasikia mtu ananiita, "Dada yangu."

Mke wa dereva. Alikuwa amekaa safu ya nyuma muda wote, mimi sikumwona.

Tukasimama pale koridoni, watu wanatupita na mafaili. Nilisubiri anipige. Ningeshukuru.

"Zile Jumatatu," akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua wapo hai, na kwamba wanacheleweshwa. La mguu sikulijua."

"Jumatatu ngapi?"

"Sita."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Na ulikuwa unanishika mkono."

"Ndiyo."

Nikataka kusema nisamehe, lakini neno lilionekana dogo mno mdomoni, nikaliacha.

"Mimi waliniambia malaria," akasema. "Mwaka mzima nimewaambia wanangu ni malaria." Akafunga vizuri mtandio wake. "Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Wa klachi," akasema. "Alikuwa ananiambia, huo ukimsumbua siku moja, kazi ndiyo imekwisha."

Akashuka ngazi, moja moja, ameshika ukuta. Sikumfuata. Sikulia. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Ndugu zangu, sina hekima ya kuwapa, ninayo hii tu niliyoinunua kwa mguu wa mtu. Anayekwambia nyamaza ili wako apone, muulize wa wenzako watapona vipi. Na muulize yeye anafaidika nini na kimya chako. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi na wiki sita mbele yangu. Nilizitumia kushona.