Jinsi mzimu wa Kijapani ulivyotaka kunikosesha kontena la Idi, Guangzhou

Wakuu, za jioni.

Naona wiki hii kila mtu humu ana story ya jini. Mmoja kakutana naye stendi, mwingine kapewa lifti na bibi asiye na miguu. Haya, na mimi nitoe wangu. Jini wangu alitoka Japan, akanikuta China, na aliyemtafsiri ni kijana wa Tandika.

Naapa kwa riziki yangu sijaongeza chumvi. Asiyeamini apite kimyakimya, wengine tuna presha.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, Guangzhou ikiwa Guangzhou kweli. Visa hazijaanza kubana. Ukitembea barabara ya Huanshi Zhonglu unasikia Kiswahili kila kona, mpaka unajiuliza kama ndege ilisafiri au ilizunguka tu angani ikatua tena Kariakoo.

Mimi nilikuwa na saluni Mwananyamala. Biashara yangu nywele.

Mwaka ule mjini kulikuwa na homa moja: wigi refu, jeusi tii, lililonyooka mpaka kiunoni. Mteja ukimwonyesha la mawimbi anakuangalia kama umemtukana. Nikakusanya nilichokuwa nacho, na cha mama yangu juu yake, nikaenda kufuata mzigo wa Idi.

Mzigo nilikuwa naweka kwa Sudi, mtoto wa shangazi yangu. Sudi ni pande la mtu. Kabla ya kwenda China alikuwa anabeba magunia sokoni, na mlango wa kawaida anaingia kwa ubavu. Alikuwa anaishi na rafiki yake Beka, ghorofa ya nne, kwa kodi ya chini. Wachina wengi namba nne hawaitaki, kwao ni ya mkosi. Mama mwenye nyumba alivyowaona Waswahili hawana habari na namba, alifurahi mpaka akawapa feni.

Lifti hakuna. Hilo mliweke kichwani.

Ijumaa mzigo ukakamilika, marobota ya nywele yamejaa chumba kizima. Kontena tulilochangia wafanyabiashara kadhaa linafungwa Jumamosi alasiri. Meli inayofuata ingefika Dar Idi imeshapita. Na wanawake wetu mnawajua. Wigi la Idi linanunuliwa kabla ya Idi, baada ya hapo anakwambia "dada nitapita", na hapiti. Nikilikosa lile kontena, saluni inafungwa na mama yangu naanza kumkwepa.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilikuwa na furaha. Tumetoka kula pilau baada ya swala, Sudi akanunua DVD kwenye kiduka cha chini ya nyumba yao. Kava lina nyumba, dirishani kuna mwanamke nywele zimemfunika uso wote. Muvi ya Kijapani. Part two.

Maneno ya chini ni Kichina. Part one hakuna aliyeiona.

Sudi akasema hakuna shida, Beka yupo.

Hapa niwaeleze vijana mliokulia kwenye simu. Zamani kwenye mabanda ya video, muvi ya lugha yoyote ilikuwa na mtafsiri wake. Anapunguza sauti, anashika kipaza sauti, anakusimulia kwa Kiswahili. Steling, yule shujaa, anapewa jina la mtaani, adui anapewa jina la mjumbe wa nyumba kumi. Lugha ya muvi mtafsiri anaweza asijue hata neno moja. Ila sheria ilikuwa moja: mtafsiri hasemi "sijui". Akisema sijui, watu wanadai viingilio vyao.

Beka alikuwa mtafsiri wa banda moja Tandika. Kijana mwembamba, sauti nzito ambayo hujui inatokea wapi.

Tukafunga mapazia saa nane mchana. Beka akapunguza sauti, akakohoa.

"Mabibi na mabwana, huyu mnayemuona ni Bi Tabu. Mke mkubwa. Wale wa part one mnakumbuka alivyofanyiwa."

Hakuna anayekumbuka, part one hatujaiona! Lakini Sudi akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa.

Kwa maelezo ya Beka, Bi Tabu alifukuzwa ili mumewe alete msichana mbichi. Kila anayeingia nyumba ile, iwe mpangaji, iwe fundi bomba, anapotea. Kwenye ngazi zinaonekana nywele. Anafungua kabati, nywele. Anafunua chungu, nywele. Sudi akauliza kwa nini nywele tu muda wote.

Ni swali la haki. Nikamuona Beka anatafuta jibu. Macho yake yakaenda ukutani, yakaenda mlango wa chumba changu cha mzigo, yakarudi kwenye TV.

"Mume alimkata nywele akaziuza," akasema kwa ile sauti. "Sasa anazifuata. Popote zilipohifadhiwa, yeye atafika."

Wakuu! Sudi akageuza shingo taratibu, akaangalia mlango wa chumba cha mzigo. Na mimi nikaangalia. Hata Beka akaangalia.

Mimi nilicheka, nikaondoka kwenda hotelini kwangu.

Jumamosi asubuhi nakuja kupakia, nawakuta wote wawili wamekaa nje kwenye kizingiti, na mashuka yao. Walikuwa wamehamia kwa Mkongo mmoja mtaa wa pili.

"Sudi, twende juu."

"Dada, mimi na wewe damu moja," akasema. "Figo ukitaka nakupa. Humo ndani siingii."

Nikamgeukia Beka. "Si mwambie ukweli? Si wewe uliyeitunga?"

Akanitazama kama nimemvunjia heshima. "Dada, mimi situngi. Mimi natafsiri."

Na shuka amejifunika mpaka kidevuni! Anaogopa maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Nimeishi na watu wa kila aina, muongo anayeukimbia uongo wake sikuwahi kumuona. Nilichukia mpaka kichwa kikaniuma.

Nikaita wapagazi wawili wa Kichina wenye mkokoteni. Tukakubaliana vizuri, wanapandisha mikono ya mashati. Beka, kwa huruma aliyojaaliwa, akaona si vizuri watu wafe bila taarifa. Kiswahili hawajui, basi akawaigizia. Akavuta nywele hewani mpaka usoni, akaonyesha ghorofa kwa vidole vinne, akashuka ngazi za kufikirika kwa magoti.

Nilidhani watacheka. Kumbe na wao ile muvi wameiona!

"Bu yao! Bu yao!" Hawataki. Wakaondoka na mkokoteni wao mbio, na mmoja alisahau kofia.

Nikasema sawa, nitabeba mwenyewe. Nikapanda, nikaburuta robota la kwanza mpaka kwenye ngazi. Ghorofa ya tatu nikafika. Ya pili goti likagoma. Robota likanitoka, likabiringika, likagonga kona na kupasuka. Nywele ndefu nyeusi zikamwagika ngazi hadi ngazi mpaka mlango wa nje, zinateleza taratibu kwa kunyooka kwake. Nilichagua quality nzuri.

Pale chini walikuwa wamesimama Sudi na Beka.

Ukapigwa ukelele, sikujua ni wa nani kati yao. Nilipofika chini nikakuta ndala moja.

Nikakaa kwenye ngazi, nywele miguuni, nikalia. Sitaficha. Niliwaza wateja wangu, nikamuwaza mama, nikawaza kwamba nitaeleza nini nyumbani. Kwamba nimefilisiwa na muvi? Tena part two?

Nilipomaliza kulia nikawatafuta. Walikuwa wamejibanza kwenye kile kiduka cha DVD, nyuma ya rafu. Laoban, yaani bosi wa duka, kijana mpole, alikuwa ameweka diski ya karaoke kwenye TV ya mlangoni. Ya kawaida tu, mwanamke wa gauni jeupe, nywele ndefu, anatembea ufukweni analia, maneno ya wimbo yanapita chini.

Nikamuona Beka anaitazama, midomo inamchezacheza. Bila sauti. Mtafsiri ni mtafsiri, picha ikitembea mbele yake hawezi kunyamaza.

Hapo ndipo akili ikanijia. Nikamwomba laoban kwa ishara apunguze sauti. Nikasema kwa nguvu:

"He! Beka, huyu si Bi Tabu? Mbona yupo baharini?"

Beka akakunja uso. Nilijua hawezi kusema hajui. Akakohoa.

"Ndiye," akasema, na ile sauti nzito ikarudi. "Hii ni part three. Bi Tabu amekaa eda, ameimaliza. Nyumba ile amewaachia wenyewe."

Sudi akachungulia kutoka nyuma ya rafu. "Kwa hiyo ameondoka?"

"Ameondoka. Mnaona analia? Halii kwa hasira, analia kwa uchovu. Anasema kisasi kinachosha."

Watu wakaanza kusimama. Xiaobei, mtaa wetu ule, ukiongea Kiswahili kwa sauti ya banda la video, unakusanya Afrika Mashariki nzima. Yule Mkongo aliyewahifadhi akafika, Mkenya mmoja mwenye mabegi ya jeans akatua mzigo wake.

"Na nywele zake je?" nikauliza. Hapo wakuu, Beka akikosea nimekwisha.

Kwenye TV mwanamke akapanda boti. Beka akanyoosha mkono.

"Anasema nywele zivuke bahari! Wakazivae wanawake wenzake, wapendeze, waume zao washike adabu. Hataki zikae gizani kwenye magunia kama vitunguu."

"Anataka lini?" Sudi akauliza.

"Leo. Kabla ya alasiri."

Na mimi saa ya kontena sikuitaja pale, mnajua? Kijana anayatoa mwenyewe.

"Mais, maman!" yule Mkongo akanigeukia mimi na Kifaransa chake, mkali. "Mwanamke wa watu ana haki, unamzuilia nywele zake kwa nini?"

"Wacheni kumkawisha bana," Mkenya akadakia. "Bebeni hiyo mzigo, msupa wa watu asote hivyo juu yenu?"

Wimbo ukaisha. Ukaanza mwingine, na huyu mwimbaji ana nywele fupi kama mvulana. Nikafunga macho. Nikasema basi, imeharibika.

Beka hakusita hata kidogo.

"Hapo ameshanyoa. Ametoa zote kwa radhi yake. Anacheka."

Na kweli alikuwa anacheka! Watu wakapiga makofi.

Sudi akatoka nyuma ya rafu, akavaa ndala yake moja, akaelekea kwenye nyumba. Mlangoni akapiga hodi. Akasema "shikamoo Bi Tabu", akasubiri kidogo, sijui alijibiwa nini, akaingia. Akashuka na marobota mawili kwa mpigo. Kila akipanda anapiga hodi upya. Mkongo akabeba, Mkenya akabeba, Beka akasimama kwenye ngazi anasimulia: "Anawaombea dua, anawaombea dua!" Mama mwenye nyumba akatoka na ufagio, akaona nywele zilivyotapakaa, akaona mijitu inapiga hodi nyumba tupu, akarudi ndani akafunga mlango.

Kontena tulilikuta mlango mmoja umeshafungwa. Mzigo wote ukaingia.

Kabla ya kupakia, Sudi aliandika kila robota kwa marker pen ili asije akamkasirisha mwenye nywele. Mimi nilikuwa busy na ajenti, sikuona alichoandika.

Nilikuja kuona Dar, kwenye ghala la kugawana mizigo. Jamaa anaita majina kama yalivyoandikwa, watu wanachukua vyao. Akafika kwangu akasoma: "Mali ya Bi Tabu. Bi Tabu ni nani hapa?"

 Akasoma tena. Watu wanaangaliana.

Ikabidi nisimame. "Ni mimi."

Mzigo uliisha kabla mwezi haujaandama. Wateja wakawa wanaagizana, "kachukue zile za Bi Tabu". Mama yangu mwenyewe hadi leo akikasirika ananiita hivyo. Sasa mmejua ID yangu humu imetokea wapi, maana kuna waliodhani nimeachika.

Juzijuzi mpwa wangu kanionyesha part one kwenye laptop, ina maneno ya Kiingereza chini. Nikakaa mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mke mkubwa. Hakuna nywele zilizouzwa. Hata yule tuliyeambiwa ni mume alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nikampigia Beka, siku hizi ana hardware Mbagala. Nikamweleza yote. Akakohoa.

"Dada," akasema kwa ile sauti, "hao walioandika maneno ya chini wamekosea."

Nilichojifunza wakuu: mtu akishaiamini hadithi, usipoteze muda kumwambia ni ya uongo. Mfuate aliyeianzisha, akaimalizie.

Waliokuwepo Xiaobei miaka ile jitokezeni, najua mpo. Na kama yule Mkenya wa jeans unasoma huu uzi, wigi la mkeo nililokuahidi siku ile kwa kunibebea bado nimekuwekea. Refu, jeusi.

Lipigie hodi kabla hujalifungua.