Salamu za Mama Koku

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mratibu wa mradi wa kilimo pale Kayanga alinionyesha deki mbili za video na televisheni moja. "Binti, hiki ndicho chumba chako. Ukiona deki inakula mkanda, zima kwanza, lia baadaye."

Nyinyi mnaokata video kwa kidole kwenye simu mnanichekesha. Sisi deki ya kushoto ilicheza mkanda mama, yaani ule uliotoka kwenye kamera, na ya kulia ikarekodi pale unapopataka tu. Ukikosea, unaanza upya. Na ukinakili nakala, chenga zinajaa mpaka sura ya mtu inakuwa kama uji.

Mkanda ulionitoa jasho ni wa Mama Koku, mkulima wa Kihanga, akifundisha kutunza migomba. Mama yule alikuwa na maneno! Alizungumza kwa karibu masaa matatu, na mwanzoni salamu ndefu: nyumbani, watoto, mvua, ng'ombe. Mratibu akaniagiza nigawe vipande vifupi, kila kazi ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na kipande chake: kupunguza machipukizi, kuweka samadi, kung'oa mgomba mgonjwa.

"Na hizo salamu toa zote," akasema. "Zinatumalizia petroli ya jenereta."

Nikatoa, tukaenda kuonyesha kijiji cha Nyakakika. Loo! Kipande kinaanza tu, Mama Koku huyo na panga: "Kata hapa!" Watu wakatazamana. Bibi mmoja akasimama, akakaza khanga yake. "Huyu anaingia kibanjani kwangu na panga, hata hodi hapigi? Mie naenda kupika." Wakaondoka naye karibu wote.

Njiani Mratibu akasema, "Wiki ijayo wakubwa wanakuja kutoka Bukoba, na tunaonyesha palepale. Watu wakiondoka tena, chumba cha video kinafungwa, na wewe sina pa kukuweka."

Wanangu wawili na mama yangu walikuwa wakila kwa kazi ile.

"Basi niruhusu nirudishe salamu, bosi."

"Kwenye kipande cha kwanza?"

"Kwenye kila kipande."

Akaguna. "Haya. Lakini fupi."

Kwa kila kipande niliurudisha mkanda mama mwanzo, roho juu, maana deki ikiukwaruza pale, salamu nyingine hatuna.

Wakubwa walipofika nilijibanza nyuma ya televisheni, sikuthubutu kuwatazama watu. "Hamjambo wenye vibanja? Watoto hawajambo?" Nyakakika nzima ikaitika, "Hatujambo, mama!" Kipande cha pili akasalimu tena, wakaitika tena, na yule bibi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Hakuondoka mtu. Nikakaa juu ya kreti la soda, nikacheka huku machozi yananitoka.

Mratibu akaninong'oneza, "Usiziguse tena hizo salamu, hata nikikuagiza mimi."

Nilidumu na kazi ile mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga vijana walifufua deki ya zamani, wakaweka kipande kimoja. Mama Koku alikuwa ameshafariki, na binti yake alikaa kiti cha jirani yangu. Chenga zilikuwa zimekula nusu ya picha, lakini sauti ilikuwa yake.

"Hamjambo wenye vibanja? Watoto hawajambo?"

Ukumbi ulicheka, ukaitika. Binti yake akachelewa kidogo, akajibu peke yake, "Hatujambo, mama."

Na hizo ndizo salamu nilizoambiwa nizitoe.