Kidonda cha Rupia Ishirini na Saba

Haya, nichekeni, maana aibu yangu imeshafika Moshono mpaka Oldonyo Sambu bila mimi kuilipia mpagazi.

Wakati ule nilikuwa nafunga vidonda kwenye zahanati ya boma hapa Arusha, chini ya daktari Mjerumani. Mzee Feruzi, aliyenifundisha kazi, mikono ilipoanza kumtetemeka aliagwa kwa blanketi. Blanketi moja! Mimi mtu wa Pangani, huku sina shamba wala mjomba, nikasema hapana, uzee hautanikuta hivyo, naanza kuweka akiba leo hii.

Sasa niweke wapi? Chumbani tulilala watano na sanduku langu halikuwa na kufuli (wale wanne niliwapenda, ila siyo kiasi hicho). Ndipo nikajiona nina akili kuliko watu wote: nikazipanga rupia zangu kwenye muundi wa mguu, nikazizungushia bandeji, nikaipaka ile dawa ya njano inayonuka. Nani atagusa kidonda cha mtu? Kila mshahara nikawa naongeza, na bandeji inanenepa.

Lakini mwenye kidonda huchechemea, basi nikachechemea, na watu wakanionea huruma. Mama Zuhura, jirani yetu, akawa ananiletea mchuzi kila jioni (nilikunywa, ningefanyaje?). Naye Mzee Saning'o wa Oldonyo Sambu, ambaye mguu wake niliufunga mimi na kidonda chake kilikuwa cha kweli, akanichemshia mizizi michungu, nikaharisha siku mbili.

Asubuhi moja baraza imejaa wagonjwa, Mama Zuhura naye kaja na kikohozi chake, daktari akautazama mguu wangu.

"Miezi yote hii, na unazidi kuvimba! Panda mezani."

"Bwana daktari, umeshapona."

"Ukipona ndiyo unavimba?"

Akaagiza msumeno uchemshwe. Wallahi, nilipouona unaletwa niliruka nikatoka mbio kwa miguu miwili mizima, katikati ya wagonjwa, na bandeji (mimi fundi wa kufunga!) ikalegea, rupia zikamwagika baraza nzima.

Kisha Mama Zuhura akashika kiuno. "Kumbe kidonda chenyewe ndiyo hiki? Na mchuzi wangu je?"

Watu walicheka mpaka wenye mbavu mbovu wakalia, na daktari akacheka pia. Mimi nimepiga magoti, naokota, machozi yananitoka, kwa sababu uzee wangu wote ulikuwa pale sakafuni. Mzee Saning'o akainama na mguu wake mbovu, akaniokotea moja moja mpaka zikatimia ishirini na saba.

"Mwanangu, utachechemea mpaka lini? Nunua mtamba. Atakaa na ng'ombe wangu, nitakuchungia, na atakachozaa ni chako."

"Na watu wakisema si wangu, Mzee?"

"Wamekuona wote hawa. Nani atadai si wako?"

Nikanunua. Mzee akampa jina la Kidonda, nikabembeleza alibadilishe, akakataa katakata.

Juzi akatuma mtu zahanatini, baraza imejaa vilevile, naye yule mjumbe akapaza sauti kutoka mlangoni: "Kidonda amezaa! Jike!" Wagonjwa wakaangua kicheko upya. Nikawaacha wacheke, nikanawa mikono, nikamfunga aliyefuata, na nikaapa palepale kwamba bandeji siifungi tena pasipo na damu.