Picha ya Merle Akishuka Kwenye Namba 18

Jumatatu moja ya Oktoba treni ilikuja ikiendeshwa na mtu asiye dereva wake.

Nilikuwa kwenye kivuko cha reli karibu na shamba la Stoltz, stendi ya kamera imezama kwenye umande, jua mgongoni kama inavyotakiwa. Namba 18 ikatokeza kwenye kona na moshi wake mweusi. Kichwa cha treni cha mwaka 1953, kimebaki hicho hicho kimoja kwenye reli yetu ya maili thelathini na nane, kinavuta mabehewa ya mahindi kupeleka kiwandani.

Nikapiga picha kumi na moja kabla sijamwangalia aliye dirishani.

Hakuwa Merle. Alikuwa Lyle, kondakta wake, msaidizi anayekaa kiti cha pili. Kapunga mkono, kacheka meno yote nje.

Nikajua hapa kuna namna.

Ngoja niwaambie Merle ni nani. Merle Hostetter, miaka sitini na sita, udereva wa treni miaka arobaini na mmoja bila doa. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali huko Arizona. Mzee huyu hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya ile 18.

Ilikuwa astaafu mwaka huu. Mwezi wa nane akabadili mawazo. Tulikuwa mgahawani, mimi, yeye na Lyle, anakata pai yake ya tufaha.

"Curt, naongeza miaka miwili. Mimi na lile chuma tutatoka pamoja."

"Mzee, umri umekwenda, utasinzia kwenye kiti," Lyle akatania.

"Nikisinzia litanipeleka lenyewe. Linajua njia kuliko wewe."

Tukacheka wote watatu. Lyle alicheka kuliko sisi.

Sasa picha yenyewe. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, Lyle alikuwa ndiye anayeendesha, Merle kampisha kitini, na Merle akashuka treni ikitembea. Alishuka kama walivyofundishwa vijana wa enzi zake, uso mbele, mkono unaachia chuma taratibu, utadhani anashuka ngazi za kanisani.

Siku hizi ni marufuku. Ukikamatwa, kazi huna.

Na mimi nikainasa. Picha ya maisha yangu. Watu kama sisi, tunaowinda treni kwa kamera, tunakaa miaka kwenye baridi tukisubiri moja kama ile.

Merle akaniona. "Kijana, hiyo isiende mtandaoni."

"Haki ya Mungu, mzee."

Na kweli sikuiweka mtandaoni. Nilimtumia mtu mmoja tu kwenye simu, Duane, mshikaji wangu, tumefukuza treni na kamera zetu pamoja miaka kumi na mitano. Nikamwambia aitazame kisha aifute.

Kwa hiyo Jumatatu ile, nilipompigia Merle akaniambia amesimamishwa kazi, picha iko mezani kwa bosi, sikuwaza mara mbili. Nikaenda kwa Duane moto unawaka kichwani.

Nilimkuta uani anakusanya majani makavu. Mkewe amekaa kibarazani na kikombe cha kahawa.

"Mzee wa watu umemchoma kwa faida gani?"

"Mzee gani? Unaongea nini?"

"Usinifanye mtoto, Duane. Ile picha niliituma kwako peke yako."

"Nikaifuta siku ileile. Si ndivyo ulivyosema?"

"Muongo! Umeuza mechi. Miaka yote una wivu na picha zangu."

Duane akaegemea reki yake. "Rudia hapo, mke wangu asikie vizuri."

Nikarudia. Nikaongeza na mengine ambayo hapa siyaandiki, naona aibu.

"Toka kwangu," akasema, sauti ya chini kabisa.

Nikatoka nikijiona shujaa.

Kesho yake nikaitwa ofisini kwa bosi wao wa reli nitoe ushahidi. Merle amekaa pembeni, kofia mapajani, hanitazami. Picha iko mezani.

"Ni yako?" bosi akauliza.

"Ni yangu."

"Treni ilikuwa inatembea?"

Hapo nikaona mwanya. Kamera inagandisha kila kitu, treni inayotembea na iliyosimama kwenye karatasi huwezi kuzitofautisha. Nikamkazia macho. "Ilikuwa imesimama, bosi."

Merle akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Bosi hakubishana. Akaigeuza picha.

Nyuma yake, kwa penseli, mwandiko wangu mimi: *Namba 18, maili ya 17, Septemba 14, saa 3:42 asubuhi. Merle akishuka. Mwendo kama maili nane kwa saa.*



Ndivyo tulivyo sisi wapiga picha wa treni. Picha bila tarehe, mahali na mwendo tunaiona haijakamilika. Na tuna desturi, picha ikitoka nzuri unasafisha kopi unawapa wafanyakazi wa treni, ni asante yetu. Nilisafisha mbili. Moja Merle aliibandika kwenye friji lake. Ya pili nilimpa Lyle kwa mkono wangu, akanikumbatia.

Miaka kumi na tisa Lyle amekaa kiti cha kushoto akikitazama kiti cha kulia, cha dereva. Miwili zaidi ilimshinda kusubiri. Eti alipowapelekea mabosi ile kopi aliwaambia hakumwona mwenzake akishuka, aliijua habari kwenye picha. Yeye aliyekuwa anaendesha!

Merle akafukuzwa siku hiyohiyo. Nikamkimbilia nje kwenye maegesho.

"Mzee, ni Lyle! Lyle ndiye kakuchoma!"

"Najua ni Lyle. Nilijua tangu jana." Akafungua mlango wa gari lake. "Uliposema treni imesimama, nilifurahi, Curt. Nikasema mtoto kaniokoa. Halafu akaigeuza."

Nikaushika mlango wa gari lake.

"Lyle alitaka kiti," akasema. "Wewe ulitaka nini kuandika maili nane?"

"Nilitaka iwe sahihi, mzee."

"Basi ni sahihi." Akawasha gari, akaondoka.

Jioni nikaenda kwa Duane kuomba radhi. Mkewe akafungua mlango nusu, akasema mumewe hayupo. Gari lake lilikuwa pale uani. Nimerudi mara tatu tangu hapo, na mara zote hayupo.

Jamani, ukiahidi kutunza siri ya mtu, usiitolee kopi. Na kabla hujamwita rafiki yako msaliti mbele ya mkewe, hesabu kwanza wewe mwenyewe umeigawa kwa wangapi.